Leleshwa

Kijiji chetu kinaitwa Kuwinda,
nami sijaona mtu akiwinda humo
ila kibarua, na mtungi wa maji,
na mwenye nyumba, mwisho wa mwezi,
akituwinda sisi.

Siku sita nakata michongoma ya watu.
Naikata iwe sawa kama meza,
kama kichwa cha mtoto siku ya kufungua shule;
jani likichungulia tu, mkasi.
Mama husimama barazani na kikombe chake:
"Mwang'eka, pale kushoto pamezidi."
Nami napunguza pale kushoto.

Ya saba najipa mwenyewe.
Alfajiri, viatu bado vina udongo wa jana,
napita nyuma ya choo cha kanisa,
naruka mtaro, nauruka tena unaporudi,
na Nasieku yupo tayari penye geti lililong'olewa.
Hatusalimiani sana. Yeye hufua siku sita
mashuka ya watu asiowajua sura.
Tunatembea kama wanaolipa deni dogo,
polepole, bila kuhesabu mbele ya mtu.

Kwanza msitu.
Mihugu imepinda migongo,
magome yake yana nyufa za kuficha barua.
Baridi ya Julai imetuama chini ya miti,
unaiingia hadi magotini kabla hujajua.
Kuna mti ulioangukia mwenzake,
na mwenzake hajalalamika mwaka wa tatu huu.
Kima anatutazama toka juu
kama karani wa ardhi: njoo kesho.
Nasieku anaokota kuni tatu.
"Ya nne ni tamaa," anasema,
kisha anarudi kuichukua ya nne.

Halafu msitu unaachia.
Hakuna mlango; miti inapungua tu
kama watu wanaotoka matangani,
na mbele ni leleshwa, leleshwa,
kijivu, halafu fedha upepo ukigeuza jani,
udongo mweusi umepasuka, mawe,
na Ngong kule mbali, ngumi iliyolazwa mezani.
Hapa hakuna kilicho sawa na mwenzake.
Macho yangu yanatafuta pa kukata,
mazoea yana tabu,
hayapaoni.
Nachuma jani, nalisugua kiganjani:
kafuri, vumbi, na kitu kama
koti la babu, Wundanyi, likitolewa sandukuni.
Nasieku anajipaka kwapani, anacheka.
"Kwetu haya ndiyo marashi. Kijana haendi kuchumbia bila haya."

Jumapili ya pili ya Agosti tukakuta kigingi.
Kimepakwa rangi nyekundu kichwani.
Hatua thelathini, kingine. Kingine tena.
Uzi mweupe umepita juu ya vichaka
kama mstari chini ya neno lililokosewa.
Nasieku alikishika kimoja, akakitikisa.
Hakikutikisika.
Siku hiyo alirudi bila kuni hata moja.

Jumatano, simu:
"Mwang'eka, kuna kiploti, kichaka tu, siku mbili, njoo na panga."
Ningekataa.
Karo ya Mghoi haijui leleshwa ni nini.

Nilianza saa moja asubuhi. Kila pigo, harufu,
na harufu juu ya harufu,
mpaka nikajiona nimo ndani ya sanduku la babu
na mtu amefunga kifuniko.

Siku ya pili, jioni, bosi akaja na viatu vyeupe,
akakuta kichaka kimoja kimebaki pembeni,
matawi huku na huku, nywele za aliyeamka sasa hivi.
"Na hiki?"
Nilifuta panga kwenye suruali, taratibu, pande zote mbili.
"Hicho cha mapambo, bosi. Ghali. Wenye nacho Karen hii hawafiki wawili."
Akakizunguka. Akakipiga picha.
"Basi kiache," akasema, "ila kiweke sawa."

Nikachukua mkasi, nikakisogelea,
nikakata hewa iliyokizunguka,
kacha, kacha, kacha,
mpaka alipoingia garini.